Hitilafu Haikuonekana

Kiswahili changu ni cha kambini, mnisamehe;
nilikipata pamoja na koleo, betri za redio
na ujuzi wa kumenya waya kwa meno.
Sasa ni fundi wa Kabale, mjini na milimani,
na kazi hii ilinikuta Makanga, mwezi wa saba,
ukungu umelala bondeni hadi saa nne
kama mtu asiyedaiwa na yeyote.

Turyahebwa alikuwa amerudi kutoka Kanada
kwa siku kumi na mbili, na sanduku zima la vifaa.
Tanuru la dizeli lilikuwako tayari, chini ya nyumba,
mabomba yake ya bati yamepanda ukutani
kama mizizi iliyokosea njia.
Liliwashwa kwa mkono,
na mkono wa mama, alisema, siku hizi unatetemeka.

Kwanza nikazima umeme. Nikasubiri.
Nikagusa kwa kipimo, nikagusa tena:
volti hazina urafiki, hata hizi kidogo ishirini na nne.
Nyekundu kwenye R. Nyeupe kwenye W.
Kijani ya feni, buluu ya kurudishia,
na hiyo buluu ilipungua shubiri nzima;
nikaiunga, nikaifunga utepe,
nikauomba ukuta radhi kwa tundu la pili.

"Kiweke hapa mlangoni, chini ya picha ya baba."
Nikamwambia hapana. Mlango utakidanganya.
Dirishani jua litakidanganya, jikoni sufuria.
Themostati haina joto lake hata chembe,
kazi yake ni kuhisi, kisha kukutanisha nyaya mbili.
Ni mshenga tu. Moto uko kwingine.

Nyaya zikakutana. Tukasikia: tk.
Kimya cha pumzi tatu,
halafu chini tanuru likakohoa, likanguruma,
vumbi la zamani likatoka matunduni
likinuka nywele zilizoungua,
na Mama Kyarikunda, ndani ya mablanketi mawili,
akisugua magoti, akauliza:
"Limekasirika?"

Mwana akaweka nyuzi kumi na nane,
akafunga kwa namba ya siri.
"Dizeli si maji, fundi.
Nitaitazama kutoka kule, kwa simu."
Jumapili akapanda ndege.

Mwezi wa tisa akanipigia usiku, kwake mchana.
Kuna hitilafu. Tanuru halilali.
Pipa limekauka kabla ya mwezi kuisha
na kifaa kinashikilia kumi na tano, kumi na sita,
asubuhi, adhuhuri, wakati wote.
Nikapanda kilima na mfuko wangu.

Sebule ilikuwa na joto la ndani ya mkate.
Mama, gauni jepesi, miguu mitupu,
anachambua maharage na kuimba kwa puani.
Na juu ya themostati, pembe kwa pembe,
kimetandikwa kama kwenye altare,
kitambaa cha mkono kilichochovywa maji ya mtungi,
tone, halafu tone, sakafuni.

Tukatazamana.
Hakuona haya hata kidogo.
"Kinauliza ukuta una baridi gani," akasema.
"Magoti hakijawahi kuyauliza."

Ningeweza kumweleza habari za unyevu,
jinsi maji yanavyoondoka na joto yakikauka.
Alikuwa anajua kuliko mimi.
Nikafungua kifuniko, nikafuta kutu changa kwenye skrubu,
nikakikamua kitambaa,
nikapiga msumari mdogo hapo juu
kining'inie mbele, upana wa kidole,
maji yasifike kwenye nyaya.

Kwenye kitabu cha risiti nikaandika kwa herufi za jeshi:
Nyaya, sawa. Volti, sawa.
Hitilafu haikuonekana.
Malipo, nauli kwenda na kurudi.

Msumari sikuuandika.